Mji ni wa Nani? Engels, Ng'ambo ya Unguja na Haki ya Jirani

Elimu ya kupanga miji imekuwa katika zama zetu elimu kubwa, yenye vyuo vyake, vitabu vyake na mabingwa wake. Watu wengi hudhani kuwa ni kazi ya mahandisi peke yao: kupima viwanja, kuchora barabara na kupitisha mifereji. Lakini nyuma ya kila ramani pana swali ambalo mhandisi hawezi kulijibu kwa rula. Mji huu unajengwa kwa ajili ya nani, na ni nani atakayeambiwa aondoke ili upate kujengwa? Hilo ni swali la haki, na penye swali la haki Muislamu hawezi kukaa kando akasema kuwa halimhusu.

Miongoni mwa walioshikilia swali hili kwa nguvu katika karne mbili zilizopita ni Karl Marx, sahibu yake Engels na wafuasi wao. Sisi tunatofautiana nao katika shina la mambo, kwani wao huifanya mali kuwa ndiyo asili ya mwendo wa wanaadamu, na imani huiona kuwa ni kivuli chake tu. Hata hivyo, insafu yatutaka tusikilize asemalo mtu kabla ya kumjibu, na tukubali lililo kweli hata likitoka kwa mpinzani. Basi katika makala haya tutatazama walivyouona mji, kisha tutatazama yaliyotokea Unguja, mji wetu ambao nadharia hiyo ilijaribiwa ndani yake, na mwisho tutauliza sheria yetu wenyewe inasema nini, na sisi wenyewe tumeifanyia nini.

MANCHESTER

Mwishoni mwa mwaka 1842 kijana wa Kijerumani aitwaye Friedrich Engels, mwenye umri wa miaka 22, alipelekwa na baba yake katika mji wa Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri mwenye ubia katika kiwanda cha pamba kilichokuwa huko, na alitaka mwanawe ajifunze biashara. Manchester wakati huo ilikuwa ikikua kwa kasi ambayo dunia ilikuwa haijaizoea. Mwaka 1801 ilikuwa na watu kiasi cha 75,000. Mwaka 1851 walikuwa wamepindukia 300,000. Hata baraza lake la mji lilikuja kupatikana mwaka 1838, wakati moshi wa viwanda ulikuwa umekwisha kuyafunika mapaa.

Engels alifanya jambo ambalo matajiri wenziwe hawakulifanya: alikwenda kwa miguu katika vichochoro vya wafanya kazi. Aliona vyumba vya chini ya ardhi vyenye unyevu, nyua zisizopitisha hewa, na mto Irk uliokuwa mweusi kwa taka. Mwaka 1845 alichapisha mjini Leipzig kitabu chake juu ya hali ya wafanya kazi wa Uingereza. Ndani ya kitabu hicho mna uchunguzi mmoja ambao wanavyuoni wa miji wanaurejea mpaka leo. Alisema kuwa tajiri wa Manchester aliweza kutoka nyumbani kwake pembezoni mwa mji, akaenda ofisini kwake katikati ya mji, akarudi jioni, miaka nenda miaka rudi, bila ya kuona dhiki iliyokuwa hatua chache kulia na kushoto kwake. Barabara kuu zilikuwa zimejipanga maduka pande zote mbili, na maduka yale yaliificha mitaa ya maskini kama pazia. Wala haikuhitajika mtu akae kitako aichore hila hiyo. Bei ya ardhi na tamaa ya faida zilitosha kuichora.

Mwaka 1872 Engels alirudi tena katika jambo hili katika makala yake juu ya suala la nyumba. Paris ilikuwa imekwisha pinduliwa na Baron Haussmann, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Seine tangu 1853 hadi 1870, ambaye alibomoa mitaa ya zamani ili kupitisha barabara pana zilizonyooka. Watu walisifu uzuri wake. Engels akasema kuwa matajiri wana njia moja tu ya kuondoa mitaa ya dhiki, nayo ni kuihamisha. Wakiivunja hapa, itazuka kule, kwa kuwa sababu iliyoizaa haikuguswa. Akaendelea kusema kuwa suala la nyumba halitatatuliwa maadamu mfumo wa kibepari umesimama; uondoke kwanza mfumo, ndipo nyumba zigawanywe kwa uadilifu. Na wale waliotaka kila mfanya kazi amilikishwe nyumba yake ndogo aliwapinga, akiona kuwa kijumba hicho kitamfunga mtu pale pale kama mnyororo.

Karne moja baadaye wanavyuoni wengine walifuata njia hiyo. Henri Lefebvre, Mfaransa, aliandika mwaka 1968 juu ya haki ya watu katika mji, akimaanisha kuwa mkazi hapaswi kuwa mpangaji tu wa mahali palipoamuliwa na wengine. Manuel Castells alitoa kitabu chake juu ya suala la miji mwaka 1972, akaonyesha kuwa ugomvi wa mjini hauko viwandani tu, bali uko pia katika maji, skuli, hospitali na usafiri. David Harvey, Muingereza, aliandika mwaka 1973 juu ya haki ya kijamii na mji, akaeleza jinsi ardhi inavyokuwa bidhaa ya kuchezewa bei na maskini akalipa gharama ya mchezo huo.

Katika haya mna mengi ya kweli, na mwenye macho hawezi kuyakanusha. Lakini nadharia hupimwa kwa vitendo, na nadharia hii ilikuja kupimwa karibu na milango yetu.

NG'AMBO

Mji wa Unguja umegawika sehemu mbili tangu zamani. Upande wa bandari upo Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe. Na upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiingia kati yao, ambao baadaye ulifukiwa, ipo Ng'ambo. Jina lenyewe linatosha kueleza nani aliyelitoa, kwani mtu haiti "ng'ambo" ila asipokaa yeye.

Baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, watu wengi waliokuwa watumwa walihamia Ng'ambo kutoka mashamba na kutoka majumba ya mabwana. Walijenga kwa udongo, miti na makuti. Ardhi ilikuwa ya matajiri, lakini nyumba ilikuwa yake aliyeijenga. Baadhi ya ardhi hiyo ilikuwa imetolewa wakfu, na pengine mwenye ardhi aliwaacha watu wakae bila ya malipo, kwa kutaraji thawabu na kwa kutafuta heshima. Basi maskini wa Ng'ambo alikuwa na paa lake, mlango wake na baraza yake mbele ya nyumba, ambapo jirani hukaa, khabari hupita, na mgeni hupokewa kabla ya kukaribishwa ndani.

Waingereza waliotawala tangu 1890 waliipenda ramani. Mwaka 1923 mpangaji wao, Henry Vaughan Lanchester, alitoa kitabu kizima juu ya kuupanga mji huo. Mengi aliyoyashauri yalibakia katika karatasi. Lakini thamani ya ardhi haikungojea ramani. Kadiri mji ulivyokua, wenye ardhi walianza kudai kodi ya kiwanja, kisha wakaipandisha. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikataa kuilipa. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyeyachunguza mambo hayo, ameonyesha kuwa watu hawa hawakusema kwa lugha ya Marx, ambaye wengi wao huenda hata jina lake hawakulisikia. Walisema kwa lugha ya dini na ada: kwamba nyumba ni zetu tumezijenga kwa mikono yetu, na kwamba ardhi iliyotolewa kwa ajili ya Mungu haigeuzwi duka.

Ndugu msomaji, hapa tusiwe na haraka ya kupita. Wengi wa waliodaiwa kodi walikuwa Waislamu, na miongoni mwa waliodai walikuwemo Waislamu vilevile. Walielekea kibla kimoja. Hakuna Marx aliyewafundisha wenye ardhi kula walichokwisha kukitoa, wala hapana kafiri wa kumsingizia. Dhulma ile ilitoka katika safu zetu wenyewe, na walioikataa waliikataa kwa hoja za sheria yetu.

MICHENZANI

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Serikali mpya iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, na kodi ya kiwanja iliyowasumbua watu wa Ng'ambo ikawa imekufa. Ujerumani Mashariki, dola iliyofuata mafundisho ya Marx na Engels, ilikuwa katika marafiki wa mwanzo wa Unguja, nayo ikasaidia kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni. Mwaka 1968 wapangaji wake walichora mpango mpya wa mji. Ng'ambo yote ilikusudiwa ivunjwe, na badala yake yasimame majumba marefu ya saruji, yaliyopangwa katika barabara pana zinazokutana katikati.

Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza, aliyekuwa baharia katika ujana wake, aliisimamia kazi hiyo kwa hima kubwa hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Lazima tuseme haki juu ya nia. Watu waliokuwa wakiambiwa kwa miaka mingi kuwa udongo na makuti ndiyo saizi yao, sasa waliambiwa kuwa wanastahiki saruji, umeme na choo cha ndani kama mtu yeyote. Si jambo dogo hilo, na familia nyingi zilizopata flati zilishukuru.

Lakini namna ya kuifanya kazi ilikuwa na kasoro ambayo haikutokana na upungufu wa saruji. Nyumba zilivunjwa bila ya wenyewe kuwa na kauli ya kukataa. Majumba ya Michenzani yakanyooka kama behewa za gari moshi, baadhi yake yakifikia urefu wa mita 300 hivi. Maji yalikuwa na taabu kupanda ghorofa za juu. Uwa wa nyuma, ambapo mwanamke wa Kiswahili hupika, hufua na kukaa na wenziwe katika sitara, haukuwamo. Baraza haikuwamo. Fedha na nguvu zilipopungua, mpango ukasita. Sehemu moja tu ya majumba yaliyochorwa ndiyo iliyojengwa, na Ng'ambo iliyobaki ikaendelea kukua kwa njia yake ya kale, nyumba baada ya nyumba. Mwanajiografia Garth Myers, aliyeandika juu ya mji huu tangu miaka ya 1990, amefikia kusema kuwa mpango wa kijamaa ulifanana na wa kikoloni kuliko wenyewe walivyodhani, kwa kuwa yote miwili ilitazama Ng'ambo kwa juu, wala haikujali uwezo, desturi na imani za waliokaa humo.

Tazama sasa ajabu ya mambo. Engels aliwalaumu matajiri kwa kuivunja mitaa ya maskini na kuwahamisha. Wanafunzi wake, walipopata madaraka, nao wakaivunja mitaa ya maskini na kuwahamisha. Kweli, sababu zilitofautiana: hapa palikuwa na faida ya mtu mmoja, na pale palikuwa na jina la umma. Lakini mwanamke aliyetolewa nyumbani kwake hakuulizwa katika hali zote mbili. Kosa la nadharia liko hapa. Ilidhani kuwa dhulma inakaa katika milki peke yake, na kwamba milki ikiondolewa kwa tajiri ikapewa dola, dhulma itakuwa haina pa kukaa. Ikasahau kuwa dhulma hukaa katika nafsi ya mwenye nguvu, awe ana hati ya kumiliki au ana muhuri wa serikali.

NYUMBA YA BWANA ABBAS

Wanahistoria wa Kiislamu wamepokea kisa kimoja ambacho kila mpangaji wa miji angefaa kukijua. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina uliwaelea watu kuwa mdogo, naye akataka kuupanua. Nyumba ya Bwana Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa katika njia. Umar akamtaka aiuze, au aitoe, au apewe nyingine. Abbas akakataa. Khalifa hakutuma askari. Wawili hao walikwenda kwa mwamuzi, Ubayy bin Kaab (r.a.), naye akahukumu kuwa Khalifa hana haki ya kumtoa Abbas kwa nguvu, hata kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Umar akanyamaza, akakubali. Hapo ndipo Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, alipoitoa nyumba ile kwa hiari yake bila ya thamani, iwe sadaka kwa Waislamu.

Lau angenyang'anywa, msikiti ungepata dhiraa chache zaidi na dini ingepoteza jambo kubwa. Tusidai pia kuwa sheria yetu haimtoi mtu mahali pake asilani. Imepokewa kuwa Umar huyo huyo alipoipanua sehemu ya kuzunguka Al-Kaaba mjini Makka, baadhi ya wenye nyumba walikataa kuuza, na nyumba zikachukuliwa, na thamani yake ikawekwa mpaka walipokuja kuichukua. Mafakihi wakajenga juu ya hayo kuwa haja ya kweli ya watu wote yaweza kutangulia, kwa sharti la thamani ya haki. Lakini mambo mawili hayaondoki: haja ithibitishwe, na mwenye nyumba asikilizwe na mtu asiyekuwa yule anayeitaka nyumba yake.

Katika ukhalifa huo huo ulijengwa mji wa Kufa, mwaka 638. Wanahistoria wamepokea kuwa barabara zake kuu ziliwekewa upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, nyengine 20, na vichochoro dhiraa saba. Na watu walipotaka kujenga kwa matufali baada ya nyumba zao za matete kuungua, Umar aliwaruhusu, akawaonya wasipindukie vyumba vitatu wala wasishindane kwa urefu wa majengo. Mpango ulikuwepo, basi, na mpaka wa matajiri ulikuwepo.

Lakini sehemu kubwa ya sheria ya miji yetu haikutoka kwa mtawala. Ilitoka katika ukuta wa jirani. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana, na juu ya kauli hiyo fupi makadhi walijenga hukumu nyingi mno: dirisha lisichungulie uwa wa mwenzio, moshi wa tanuri usiingie kwake, maji machafu yasimwagikiwe njiani, jengo jipya lisimzibie mtu njia. Fundi mmoja wa Tunis, Ibn al-Rami, aliyefariki katika karne ya 14, aliyakusanya haya katika kitabu, kwa kuwa makadhi walikuwa wakimtuma kwenda kutazama kuta zenye ugomvi. Besim Hakim, katika kitabu chake cha mwaka 1986, amekitumia kitabu hicho kuonyesha jinsi mji mzima ulivyoweza kukua kwa kanuni za ujirani, bila ya ramani moja iliyoshuka kutoka juu. Fundi yule alifanya kama alivyofanya Engels: alikwenda mwenyewe akatazama. Tofauti ni kuwa yeye alirudi kwa kadhi, na kadhi akahukumu siku ile ile, hakumwambia maskini angojee mpaka mfumo wa dunia ugeuke.

Naye Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake aliyoimaliza mwaka 1377, alieleza kuwa miji hukua kwa kukusanyika kazi za watu, na kuwa chumo la mwanaadamu hutokana na kazi yake. Hayo ni karibu miaka 500 kabla ya Marx kutoa juzuu ya kwanza ya "Capital" mwaka 1867. Akaongeza kuwa dhulma huangamiza ustawi wa nchi, na akaitaja katika dhulma kubwa kuwafanyisha watu kazi bila ya haki yao na kuwanyang'anya mali zao. Hakusema dhulma ya tajiri tu, wala ya sultani tu. Alisema dhulma.

HESABU YETU

Pengine msomaji atafurahi kusikia haya na kulala usingizi. Asilale. Sheria nzuri iliyomo kitabuni haimsitiri mtu na mvua. Wakfu ulikuwa ndiyo njia yetu ya tatu, ardhi isiyokuwa ya tajiri kuiuza wala ya mtawala kuigawa, bali ya maskini kuitumia mpaka siku ya kiyama. Na katika pwani yetu wakfu mangapi yameliwa na wasimamizi wake, yakauzwa kwa hila, yakapotea hati zake, au yakabomoka kwa kuwa hapana aliyetengeneza paa? Mafunzo ya mwaka 1928 ni kuwa jirani asiyetimiziwa haki kwa sheria ya Mungu atatafuta haki hiyo penginepo, na hatakuwa wa kwanza kulaumiwa.

Mambo haya hayakupita. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu karibu 900,000, yaani karibu nusu ya Wazanzibari wote. Mji unatambaa juu ya mashamba, bei ya kiwanja inapanda, na ramani mpya zinachorwa. Mwaka 2019 ilitolewa atlasi ya Ng'ambo, iliyoandika historia ya mitaa ile ambayo zamani ilihesabiwa kuwa si kitu ila cha kuvunjwa. Hiyo ni alama njema.

Basi kila mwenye sauti katika jambo la mji, awe diwani, fundi, msimamizi wa wakfu, mwenye nyumba ya kupangisha, au jirani tu mwenye ukuta, ajiulize kabla ya kuuliza ardhi ni ya nani: ni nani atakayedhurika, na je, amesikilizwa? Marx na wafuasi wake waliuliza la kwanza kwa ukali unaostahiki. La pili tuliachiwa sisi kuliuliza, na tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema katika miji yetu, na atuepushe na kula haki ya mnyonge kwa jina la mali au kwa jina la maendeleo. Amin.